Sentensi ya Magogo

Mgodi wa Lwamkende, Geita
4 Januari 1953

Mdogo wangu Klara,

Nakusalimu wewe, walimu wenzako na hao wasichana wanaokuogopa. Huku mvua imeshika tangu sikukuu. Barabara ya Nkome ni matope matupu, dagaa wanafika wamelowa na kunuka. Mimi mzima, wifi yako Euphrasia mzima, mtoto ameota meno mawili. Cornel muuza dagaa alipita nyumbani, anasema goti la mama limevimba tena. Mpelekee mafuta ya kuchua, nami nitatuma sukari.

Mchumba wako Mageni ameanza kazi, wiki ya tatu sasa yuko shimoni. Daktari alitaka kumrudisha kwa ajili ya kifua chake, lakini nilimpitisha kwa njia yangu. Usiniulize njia gani, karani ana njia. Kila nikimwona anazungumza habari ya bati tu. Amekataa katakata mwalimu kulala chini ya nyasi. Mstari wake wa mkono utauona chini.

Sasa jambo lenyewe. Bwana mpya wa ofisi, aliyekuja Novemba, ana ugonjwa wa nukta. Juzi aliishika barua yangu ya Kiingereza kwa vidole viwili, akauliza mbele ya makarani wote kama nimeiandika mimi au ni kuku aliyekanyaga wino. Kisha akaichana. Kosa ni yale maneno ya kuunganishia, however na therefore na nevertheless. Nayapenda, yanaipa barua kitambi, lakini alama zake zinanishinda. Karani mkuu anaondoka mwisho wa Juni, na tunaotazamwa ni wawili, mimi na Kalisti. Kalisti huandika sentensi fupi, hakosei kwa sababu hathubutu. Atakayeshindwa atapelekwa stoo kugawa sululu. Mimi nina mke na mtoto, Klara, siwezi kurudi kwenye sululu.

Wewe masista walikusomesha kunipita. Nifundishe kwa barua, karatasi zangu chache nimezitia ndani ya bahasha hii.

Kaka yako,
Gregory

mwalimu mimi mzima bati nitapata usiolewe na mwingine mageni


Shinyanga
20 Januari 1953

Kaka Gregory,

Shikamoo. Hatujambo. Mama nimemchua goti, ameguna, amenitukana kidogo, kwa hiyo anaendelea vizuri. Mtama umechipua. Nyamizi, mama yake Mageni, ananiita mkwe mbele ya watu sokoni, na mimi najifanya sisikii.

Karatasi ulizoniletea nimezisoma. Kaka, nimewapiga wasichana wa darasa la sita viganja kwa makosa madogo kuliko haya. Bwana wako hakukuonea, kuku angejitahidi zaidi. Umemwaga however kila mahali kama mtu aliyeambiwa chumvi haina bei.

Sikiliza, sitarudia. However akikaa kati ya sentensi mbili zilizo kamili, kila moja ina miguu yake, mkato peke yake haumtoshi. Kabla yake weka nukta-mkato, baada yake weka mkato. Akiingia tu ndani ya sentensi moja, kama jirani anayekatiza uani, mzungushie mikato miwili, huku na huku. Akiwa na maana ya "hata kwa kiasi gani", mwache alivyo, usimwekee mkato nyuma. Therefore na nevertheless ni ndugu zake, wanakula sahani moja. Andika sentensi ishirini, unirudishie. Ukikosa kumi, andika arobaini.

Tena usitie neno hilo kwa kujipamba. However ni neno la kugeuza. Anayesoma husahau kilichotangulia, hushika kinachofuata. Ukitaka jambo lisahauliwe, liweke kabla yake.

Mwambie Mageni nimeusoma mstari wake. Hana nukta, hana mkato, hana herufi kubwa hata kwa jina lake mwenyewe, maneno yametoka yote kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Mwambie pia kwamba nimeukata nikauweka ndani ya misale yangu ya sala. La, hilo la pili usimwambie. Harusi ni Julai, baada ya mavuno.

Mdogo wako,
Klara


Lwamkende
2 Machi 1953

Mdogo wangu Klara,

Salamu. Nimechelewa kukujibu, unisamehe, kazi zimekuwa nyingi. Mtoto alipata homa, imepita. Sukari ya mama nimempa Cornel.

Nina haraka. Kuna taarifa ya ajali bwana amenipa niiandike, itakwenda juu kwa wakubwa. Amesema waziwazi kwamba huu ndio mtihani wangu. Tarehe 23 Februari mtu mmoja alikufa shimoni. Jina lake Marselino, humjui. Nimeandika nilivyoweza, nayo rasimu iko ndani ya bahasha hii. Isahihishe, uinyooshe, uirudishe kwa posta ya kwanza. Usimwonyeshe mtu.

Mageni anakusalimu. Leo hakuandika, yuko zamu.

Gregory


Shinyanga
10 Machi 1953

Kaka Gregory,

Shikamoo. Nashukuru mtoto amepona. Sukari imefika, mama ameificha asiione mtu, nami nikiwamo.

Nimefunga darasa la jioni ili niitibu taarifa yako. Ilikuwa mgonjwa mahututi. Umeandika hivi: Marselino aliingia tundu la pili however alionywa na mnyapara. Magogo yanayotegemeza dari yalikuwa yameoza therefore yaliombwa mengine mara tatu tangu Novemba nevertheless hayakuletwa. Dari ikashuka. Akafa palepale. Maneno matatu ya kugeuza, na hakuna hata moja lenye alama yake. Msomaji anageuzwa mpaka anapata kizunguzungu, mwishoni hajui nani kafanya nini.

Nimeipanga upya. Kuonywa kumetangulia, kisha nukta-mkato, kisha however na mkato wake, kisha kuingia kwake. Dari inafuata, na kifo. Sentensi ya magogo nimeipiga mstari. Ni ndefu, inavuta mkia, na inamvuruga msomaji wakati ameanza kuelewa. Sasa taarifa inasomeka kwa pumzi tatu, na kosa ni la marehemu bila hata kusema kwamba ni lake. Kama kweli alionywa au hakuonywa, sikuulizi. Mimi nasahihisha Kiingereza. Mungu amrehemu huyo Marselino, angalau ameandikwa vizuri.

Nakala safi hii hapa. Rasimu yako yenye wino wangu mwekundu naibakiza, niwaonyeshe wasichana namna ya kutoandika. Jina lako nimelifunika kwa karatasi, usiogope aibu.

Lakini Mageni ana nini? Barua nzima bila mstari wake. Kama amekasirika nilivyomcheka, mwambie sikumcheka kwa ubaya. Mstari, kaka, hata wa maneno matatu.

Klara


Lwamkende
19 Aprili 1953

Mdogo wangu mpenzi Klara,

Nakusalimu sana, na Pasaka njema ingawa imepita. Wote wazima. Goti la mama je?

Bwana aliisoma taarifa akiwa amesimama, akairudia kwa sauti mbele ya makarani. Kalisti alitazama sakafu. Bwana amesema hajapata kuona Mwafrika anayeweka nukta-mkato mahali pake, na kwamba nafasi ya karani mkuu ni yangu kama sitafanya ujinga kabla ya Juni. Taarifa imekwenda juu, imekubaliwa, jalada limefungwa. Haya yote ni kazi ya mkono wako na sitayasahau.

Ile rasimu ichome. Si kitu cha kuonyesha wasichana.

Mageni mzima. Kazi imemzidi, ndiyo sababu. Nadhani si vizuri kuharakisha harusi mwaka huu. Mwambie mama taratibu kwamba mwakani si mbali. Na wewe usije huku, si mahali pa mwanamke aliyesoma.

Gregory

Mwalimu, mimi ni mzima. Bati nimepata.


Shinyanga
28 Aprili 1953

Kaka yangu, karani mkuu,

Shikamoo mara mbili, moja ya zamani na moja ya cheo. Mama nilipomwambia aliinuka na goti lake lile akazunguka uani.

Nimecheka peke yangu mpaka masista wakagonga mlango. Mkato baada ya Mwalimu! Nukta mwishoni, herufi kubwa mbili! Na Mageni naye umemfundisha? Mkono wake umenyooka kama amekuwa akiandika usiku na mchana. Sikujua unampenda shemeji yako kiasi cha kumkalisha chini na kumfundisha alama, na mimi nilikuwa nakuona mtu wa kujitazama mwenyewe tu. Nisamehe kwa hilo. Mstari huu nao nimeuweka ndani ya misale, ubavuni mwa ule wa kwanza.

Rasimu sitaichoma. Iko ukutani na nakala yangu pembeni, darasa zima linaisoma kwa sauti, pumzi ndogo kwenye mkato, pumzi kubwa kwenye nukta. Ni somo bora nililowahi kufundisha.

Kuhusu mwakani, sikubali. Bati limepatikana, kinachongojwa ni nini? Nyamizi ameshatenga mtama wa pombe ya harusi. Nimemshonea Mageni shati jeupe, Cornel ataondoka nalo Jumatatu. Mabega nimeyakisia tu kwa kukumbuka.

Klara


Lwamkende
24 Mei 1953

Mdogo wangu Klara,

Salamu. Sote wazima. Mvua imekatika.

Cornel alifika ofisini, shati nilipokea mimi. Mageni amelivaa Jumapili kanisani, limemkaa vizuri mabegani, watu wameulizia fundi. Anashukuru sana. Sasa amehamishiwa shimo la mbali, barua zake zitachelewa, usihangaike.

Gregory


Shinyanga
1 Juni 1953

Gregory,

Mageni yuko shimoni kwa kadi yenye jina gani?

Klara


Lwamkende
9 Juni 1953

Klara mdogo wangu,

Najua sasa kwamba Cornel ameongea. Sikujua kwamba baada ya kuniachia shati alikwenda kwenye kambi za wachimba kumtafuta.

Nitakueleza yote, ukitaka kunilaani nilaani baadaye. Daktari alimkataa Mageni. Ilikuwako kadi ya mtu aliyetoroka kazi, Marselino, nami nikampa Mageni aitumie. Aliniomba mwenyewe, kwa ajili ya bati lako. Tarehe 23 Februari dari ilishuka. Tulimzika siku ya pili kwa jina la kadi, na msalaba niliuandika mimi. Kama ningesema jina lake, wangeuliza kadi ilitoka wapi, na mimi ningekuwa stoo, au jela.

Kuonywa hakuonywa. Mnyapara alisema hivyo baadaye ili ajiponye, nami nikaandika nilichoambiwa.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Wewe ni mtoto wa kwetu, unajua kwamba habari ya kifo haipandishwi kwenye karatasi. Hubebwa na mtu mzima, naye hukaa chini kwanza ndipo aseme. Nilikuwa nangojea likizo nije mwenyewe. Salamu zake nilizitia ili usiumie kabla sijafika. Mstari ule niliuandika mimi, na nililia nikiuandika.

Na jambo moja nitalisema hata likikuchoma, maana naona unajiandaa kunihukumu. Sentensi ya magogo niliiandika mimi. Kwa woga, bila alama hata moja, lakini niliiandika, nikiomba moyoni ipite bila bwana kuitilia maanani. Aliyeipiga mstari ni wewe. Ulisema inavuta mkia. Kama ni damu, mikono iliyoigusa ni miwili.

Damu ni nzito kuliko maji, Klara. Tarehe 1 Julai nakaa kwenye meza ya karani mkuu. Nikiwa pale naweza kumfaa mama, na Nyamizi pia. Nikiondolewa, nani atapata nini? Mageni hatafufuka. Choma rasimu ile, nakusihi kwa maziwa tuliyonyonya.

Kaka yako,
Gregory


Shinyanga
17 Juni 1953

Gregory,

Shikamoo yako sinayo leo.

Cornel alikuja Jumamosi, tarehe 30 Mei, mchana. Alitembea toka stesheni mpaka nyumbani kwa mama bila kupumzika. Alikataa maji. Aliomba Nyamizi aitwe, akaketi chini, akavua kofia, ndipo akasema. Desturi unayoninukulia ameitimiza muuza dagaa. Wewe miguu unayo, treni ya Mwanza ipo, na ulikuwa na siku tisini na sita. Barua yako ya shati ilifika Jumatatu yake, wakati Nyamizi ananyolewa nywele. Nilikuwa nimemshika kichwa. Niliisoma nikiwa bado nimemshika, nikafika mahali uliposema limemkaa vizuri mabegani. Hapo ndipo nikakuandikia ule mstari mmoja. Jibu nilikuwa nalo, nilitaka kuona kama utalisema.

Huyu mama alikuwa ameloweka mtama, Gregory. Tangu Februari amekuwa mama wa bwana harusi, akienda sokoni na kujisifu, na mwanawe yuko chini ya jina la mtoro. Ukitaka kujua ulichofanya, ndicho hicho.

Unasema mikono ni miwili. Ni kweli, na sina haja ya wewe kunikumbusha. Wasichana thelathini wamesimama kila asubuhi wakasoma kwa sauti kifo cha Mageni, nami nikitembea kati ya madawati na rula, nikimpiga kiganja anayesahau pumzi kwenye nukta-mkato. Nilikuwa najisikia hodari. Nilikwambia nasahihisha Kiingereza, siulizi kama ni kweli. Maneno hayo nitakufa nayo. Nakuchukia, na kila nikikuchukia najikuta nimesimama palepale uliposimama wewe, na hilo ndilo linalonizidishia chuki.

Lakini hatuko sawa. Mimi nilimfuta mtu nisiyemjua. Wewe ulimjua, ukashika kalamu, ukaniletea nimpambe.

Rasimu nimeibandua ukutani. Jana imekwenda kwa Bwana Shauri wa wilaya kwa posta ya rejista, pamoja na barua yangu ya mistari sita. Nimeandika jina la baba yake Mageni, kijiji chake, tarehe, na kadi ilikotoka. Hakuna however hata moja. Rasimu nimeiacha ilivyo, kwa mwandiko wako, na makosa yake yote. Sentensi ya magogo inasomeka vizuri chini ya mstari wangu mwekundu. Watauliza mstari huo ni wa nani, na hilo nalo nimewaandikia. Masista wameshaarifiwa. Mama Mkuu ameniambia nikusanye vitu vyangu ifikapo Ijumaa, mwalimu wa namna hii hawamtaki, na sikumwomba abadilishe.

Mama nimemwambia yote. Sukari yako ameitoa alikoificha, akampa Nyamizi.

Shati limpe Cornel alirudishe, atakuja kulidai yeye mwenyewe. Nyamizi analitaka. Mistari miwili iliyokuwa ndani ya misale, mmoja nimeuchoma. Unajua ni upi.

Barua yako ya toba nimeisoma mara mbili na kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea. Kila mkato uko mahali pake, kila nukta imetua panapostahili. Sikupata kosa hata moja. Umehitimu.

Klara